Maji matupu, chumvi, siki au baking soda? Namna ya kuosha dawa za shambani kwenye nyanya na mboga

Ukinunua fungu la nyanya gengeni, chukua moja uigeuze upande wa kikonyo. Pale penye kishimo mara nyingi utakuta utando mweupe unaoelekea manjano, umeganda kama unga uliolowa kisha ukakauka. Upitishie kidole gumba. Kidole kitabaki na vumbi laini, na nyanya itabaki na mstari mwekundu unaong'aa. Vumbi hilo halikutoka barabarani. Kwa kawaida ni masalia ya dawa ya ukungu, hasa mankozebu, ambayo wakulima wa nyanya huipiga kuzuia bakajani, ugonjwa wa ukungu unaokausha majani.

Nimekulia Ilula, mkoani Iringa, katika nyumba ya mkulima wa nyanya. Kazi yangu utotoni ilikuwa kuchota maji ya kujazia bomba la mgongoni la baba. Kwa hiyo sina neno baya kwa mkulima anayepiga dawa. Mvua zikikaza, shamba lisilopigwa dawa huungua majani likabaki vijiti ndani ya siku chache. Na tangu kantangaze aingie nchini mwaka 2014, yule kiwavi anayejichimbia ndani ya jani na ndani ya tunda lenyewe, mkulima amekuwa na sababu nyingine ya kurudi shambani na bomba mgongoni.

Lakini sasa ni mimi ninayekata kachumbari ya watoto, na swali limehamia jikoni. Jirani yangu huloweka kila kitu kwenye maji ya chumvi. Wifi yangu haamini kitu bila siki. Wengine wameanza kununua baking soda kwa kazi hii tu, na wengine wanasema ukipika yote yameisha. Kila mmoja ana hoja, na kila njia ina mahali inaposhindwa. Nimeziweka hapa sita kando kwa kando, nikizipima kwa vipimo vilevile.

Vipimo tutakavyotumia

Cha kwanza ni masalia yenyewe: njia hii inatoa nini, inaacha nini? Hapa lazima tutenganishe makundi mawili ya dawa. Kuna dawa za mguso, zinazokaa juu ya ganda au jani zikisubiri mdudu au ukungu uziguse. Mankozebu ni ya kundi hili. Halafu kuna dawa zinazopenya, zinazoingia mwilini mwa mmea na kusafiri humo: metalaksili ya bakajani, kwa mfano, au imidakloprid inayoua wadudu wafyonzaji. Pakiti nyingi za dawa ya bakajani zina mankozebu na metalaksili pamoja, kwa hiyo nyanya moja inaweza kubeba ya juu na ya ndani kwa mpigo mmoja. Kuosha kunaifikia ile ya juu. Ile ya ndani huisha kwa siku, yaani zile siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa, kati ya kupiga mara ya mwisho na kuvuna. Mkulima akizifupisha, hakuna beseni litakalofidia.

Cha pili ni maji na fedha. Ushauri mwingi kuhusu jambo hili umeandikwa na watu wenye bomba linalotiririka jikoni saa 24. Wengi wetu tunahesabu ndoo. Cha tatu ni muda. Cha nne ni tahadhari: je, njia hii inaweza kuharibu chakula au kuleta dhara jipya?

Kabla hatujaanza, naomba ulinganisho huu usimwogopeshe mtu akaacha mboga. Shirika la Afya Duniani linashauri tule angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na wengi wetu hatufiki hapo. Tunaosha ili tule zaidi, kwa amani.

1. Maji yanayotiririka, pamoja na kusugua

*Masalia.* Mwaka 2000, watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha jimbo la Connecticut, Marekani, walichapisha matokeo ya kuosha mazao kwa maji ya bomba tu. Kati ya viuatilifu (yaani dawa za shambani) 12 walivyovipima, 9 vilipungua waziwazi. Kilichonivutia ni kwamba kupungua huko hakukufuata kama dawa inayeyuka kwenye maji au haiyeyuki. Maana yake ni kwamba kazi kubwa inafanywa na msukumo wa maji na mkono, zaidi ya kuyeyuka. Maji yanaing'oa dawa pamoja na vumbi iliyoshikamana nalo. Vitatu vilivyogoma ni vinklozolini, bifenthrini na klorpirifosi. Hii ya mwisho ndiyo iliyoingizwa mwaka 2025 kwenye Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa wa kemikali za sumu zinazodumu, ili iondolewe duniani, kukiwa na misamaha kadhaa.

Utando wa mankozebu kwenye nyanya huondoka vizuri kwa njia hii, mradi usugue. Watu wengi huishia kuimwagia nyanya maji ikiwa mkononi, kisha wanaiita safi. Ichukue moja moja. Sugua kwa vidole huku maji yakipita, kama nusu dakika, na kaza zaidi pale kwenye kishimo cha kikonyo, maana dawa iliyotiririka kutoka juu ya tunda hukusanyika hapo. Usikitoe kikonyo kabla ya kuosha. Tango, karoti na viazi vistahimilivu vipate brashi laini.

Majani yana kazi yake. Fungua kamba ya fungu la mchicha, kata mizizi, kisha osha majani machache machache, ukigeuza upande wa chini ambako wadudu hujificha na ambako mkulima makini ameelekeza dawa. Kabichi itoe majani mawili matatu ya nje. Hayo ndiyo yaliyopokea dawa kwa wiki zote, na ya ndani yalikuwa yamefunikwa.

*Maji na fedha.* Fedha hakuna, ila maji yanakwenda. Pasipo bomba, weka mboga kwenye chujio juu ya beseni, mtoto amwage kwa jagi au kata huku wewe unasugua. Maji hayo ya beseni usiyarudishe juu ya mboga; yapeleke chooni au kwenye kupiga deki.

*Muda.* Nusu dakika kwa tunda. Sado nzima ya nyanya itakuchukua robo saa na zaidi.

*Tahadhari.* Nyanya iliyotoka juani ina joto ndani. Ukiitumbukiza kwenye maji ya baridi sana, hewa iliyomo ndani yake husinyaa na tunda hufyonza maji kupitia kovu la kikonyo, pamoja na uchafu uliomo kwenye maji hayo. Iache kwanza ipoe kivulini, na tumia maji ya kawaida, si ya friji. Tena, osha kabla ya kukata. Kisu kinachopita kwenye ganda chafu hubeba kilichopo juu na kukiingiza ndani.

*Inamfaa* mwenye maji ya kutosha na haraka, anayeandaa matunda na mboga zenye ganda laini lisilo na mikunjo. Na hata atakayechagua njia nyingine yoyote hapa chini, ataishia kusuuza kwa njia hii.

2. Kuloweka kwenye maji ya chumvi

*Masalia.* Utafiti wa China uliochapishwa mwaka 2007 ulichukua kabichi zilizotiwa viuatilifu vinne, zikaoshwa kwa njia tofauti kwa dakika 20. Maji matupu yalitoa chini ya asilimia 20 ya kila kimoja. Maji ya chumvi yalitoa kati ya asilimia 65 na 74 hivi. Ni tofauti kubwa, na ndiyo maana sifa ya chumvi si uzushi wa akina mama.

Ila angalia kipimo. Chumvi iliyotoa matokeo hayo ilikuwa asilimia 10, yaani gramu 100 kwa kila lita moja ya maji. Beseni la lita 5 linakula pakiti ya nusu kilo yote. Ile chumvi ya kunyunyiza kwa vidole viwili, aliyotufundisha kila shangazi, haifikii hapo hata kidogo. Kijiko kimoja cha chakula kilichojaa kwa lita ni kama asilimia 2. Kina msaada wake, lakini usikitegemee kikupe hizo asilimia 70.

Msaada wake mkubwa zaidi kwa maoni yangu uko kwingine: wadudu. Loweka kabichi iliyopasuliwa vipande vikubwa au koliflawa kwenye maji ya chumvi robo saa, utaona viwavi wadogo wa kijani wakielea juu. Hao si dawa, lakini nani anawataka sahanini?

*Maji na fedha.* Chumvi ni bei rahisi ukiitumia kidogo. Kwa kipimo cha maabara, kila siku, inakuwa mzigo. Maji hutumika mara mbili, ya kuloweka na ya kusuuza.

*Muda.* Dakika 15 hadi 20, ambazo unaweza kuzitumia kumenya vitunguu.

*Tahadhari.* Chumvi huvuta maji kutoka kwenye majani. Mchicha na saladi hulegea ukizidisha. Suuza vizuri, hasa kama nyumbani kuna mwenye presha. Na maji ya chumvi usiyamwage bustanini, yanachosha udongo.

*Inamfaa* anayepika kabichi, brokoli na mboga zenye mikunjo ambako kidole hakiingii.

3. Siki

*Masalia.* Katika utafiti uleule wa kabichi, asidi ya siki iliishinda chumvi kidogo: ilitoa kati ya asilimia 65 na 80 hivi, kwa dakika 20. Na hapa pia kipimo kinasema jambo. Asidi hiyo ilikuwa asilimia 10. Siki ya dukani kwa kawaida ni kama asilimia 5. Kwa hiyo hata ukiimimina chupa nzima bila tone la maji, umefika nusu tu ya nguvu iliyopimwa. Ukichanganya kikombe kimoja cha siki na vitatu vya maji, kama wengi wanavyofanya, umebaki na asilimia moja na ushee.

Sisemi haifanyi kitu. Inapunguza pia vijidudu juu ya ganda, na hiyo ni faida ya kweli kwa tunda linaloliwa bichi. Nasema tu kwamba kijiko cha siki kwenye beseni la maji ni harufu zaidi kuliko kazi. Ndimu ya kukamulia ni vivyo hivyo. Ihifadhi kwa ajili ya kachumbari yenyewe.

*Maji na fedha.* Ndiyo njia ya gharama kuliko zote hapa, kama utaitumia kwa nguvu inayostahili.

*Muda.* Kama chumvi.

*Tahadhari.* Majani laini huungua na kuwa na madoa, zabibu na stroberi hubaki na ladha. Usiichanganye kamwe na dawa ya kufulia yenye klorini, maana hutoa gesi inayochoma mapafu. Na usiichanganye na baking soda ukitafuta faida ya vyote viwili. Povu lile linapendeza macho, lakini ni asidi ya siki na besi (kinyume cha asidi) ya baking soda zinauana. Zikishatulia umebaki na maji yasiyo na nguvu ya chochote kati ya viwili hivyo.

*Inamfaa* mwenye matunda machache yenye ganda gumu, yanayoliwa bichi na ganda lake, na ambaye siki ipo tayari kabatini.

4. Baking soda

*Masalia.* Njia hii ilipata jina mwaka 2017, Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, walipochapisha majaribio yao juu ya tufaha aina ya Gala. Walipaka viuatilifu viwili: thiabendazoli, ambayo ni dawa ya ukungu inayopenya, na fosmeti, ambayo ni ya wadudu. Wakayaacha matufaha siku nzima, saa 24, kisha wakayaosha. Maji yenye baking soda, gramu 10 kwa lita, yalitoa asilimia 80 ya thiabendazoli kwa dakika 12, na asilimia 96 ya fosmeti kwa dakika 15, na yaliyashinda maji matupu ya bomba.

Wengi wanaishia hapo. Endelea kidogo, maana sehemu inayofuata ndiyo inayonifundisha zaidi. Watafiti hao walipima pia dawa iliyokwisha kuzama ndani ya tufaha kabla ya kuoshwa. Thiabendazoli ilikuwa imezama kwa asilimia 20, fosmeti kwa asilimia 4 na kitu. Jumlisha: 80 na 20, 96 na 4. Baking soda ilitoa karibu yote iliyokuwa juu, na iliyobaki ni ile iliyokuwa ndani, ambayo haikuigusa. Kwa siku moja tu dawa ilikuwa imeshaingia. Fikiria nyanya iliyopigwa dawa, ikapanda lori Iringa usiku, ikalala sokoni Ilala, ikafika kwako siku ya tatu.

Nguvu yake inatokana na ubesi. Viuatilifu hivyo viwili huvunjika kwenye maji yenye besi, kwa hiyo wakati maji yanaing'oa dawa, besi inaivunja. Lakini si kila kiuatilifu huvunjika hivyo, na majaribio yale yalikuwa ya dawa mbili kwenye tunda moja. Kuihamishia asilimia 96 kwenye mchicha au bamia ni kuibebesha namba mzigo usio wake.

*Maji na fedha.* Vijiko viwili vya chai kwa lita moja ya maji. Pakiti ndogo inatosha mara kadhaa. Baada yake lazima usuuze.

*Muda.* Robo saa ya kuloweka. Hii ndiyo sharti wengi wanaloliruka. Dakika mbili hazikupi matokeo ya dakika 15.

*Tahadhari.* Soma pakiti. Baking powder ni mchanganyiko wenye asidi ndani yake, haifanyi kazi hii. Na magadi siyo baking soda. Magadi yanayochimbwa Ziwa Natron na Ziwa Magadi ni chumvi kali zaidi, na hubeba floridi nyingi, ile inayoharibu meno ya watoto wetu wa Arusha na Kilimanjaro. Nimeona mtu analowekea matunda magadi akidhani ni kitu kilekile. Tafadhali mwambie na jirani.

*Inamfaa* mwenye robo saa, anayeandaa matunda yenye ganda laini la kuliwa: tufaha, pea, zabibu, hoho, nyanya ya kachumbari.

5. Kumenya

*Masalia.* Ganda linaondoka na karibu kila kilichokaa juu yake, na sehemu ya kilichozama juujuu. Dawa inayosafiri ndani ya mmea inabaki.

*Maji na fedha.* Haiombi kitu, isipokuwa maji kidogo ya kuosha kwanza. Ndiyo, osha kwanza, hata chungwa, hata embe, hata papai. Kisu na mikono hupita kwenye ganda kabla ya kufika kwenye nyama.

*Muda.* Mfupi kwa tango na karoti. Nyanya itumbukize kwenye maji yanayochemka nusu dakika, ganda linavuka lenyewe.

*Tahadhari.* Nyuzinyuzi na baadhi ya virutubisho vimo kwenye ganda na mara tu chini yake. Na mboga za majani hazina pa kumenywa.

*Inamfaa* anayemlisha mtoto mdogo au mgonjwa, na mwenye matufaha yanayong'aa kwa nta ya kutoka nje ya nchi, kwa sababu nta inaweza kufunika dawa isifikiwe na maji.

6. Kupika, na kumwaga maji ya kwanza

*Masalia.* Joto huvunja baadhi ya dawa, mvuke huchukua baadhi, na maji ya kuchemshia hubeba nyingine. Kabichi zile za utafiti wa China, zilipokaangwa dakika 5, zilipoteza takriban theluthi mbili au zaidi ya kila kiuatilifu. Ndiyo maana mchicha uliochemshwa kidogo na kumwagwa maji kabla ya kuungwa nazi una nafuu kuliko uliokatwa moja kwa moja sufuriani.

Lakini hapa pana jambo ambalo ningependa kila anayepika alijue. Mankozebu ikipashwa moto, sehemu yake hugeuka kuwa kemikali nyingine iitwayo ETU, ambayo inajulikana kuvuruga thairoidi, tezi iliyo shingoni. Kwa nyanya yenye utando mweupe, kupika bila kuosha hakuifuti dawa. Sehemu yake inageuzwa kuwa kitu kingine ndani ya rojo lako. Iliyosuguliwa ikaondoka kabla ya sufuria haipati nafasi hiyo. Kwa hiyo msemo wa "si inaenda motoni" usitumike kuruka kuosha.

*Maji na fedha.* Moto ni fedha: gesi au mkaa. Maji ya kumwaga pia.

*Muda.* Ule wa kupika kwa kawaida, na dakika tatu nne za kuchemsha mwanzo.

*Tahadhari.* Maji yanayomwagwa huondoka na vitamini C na folati. Rojo la nyanya, supu na mchuzi havimwagwi, kwa hiyo chochote kilichoingia kinabaki. Kisamvu ni habari nyingine kabisa. Kile hutwangwa na kuchemshwa sana kwa ajili ya sumu yake chenyewe, hata kama hakijawahi kuona bomba la dawa.

*Inamfaa* anayepika mboga za majani kwa familia kubwa, baada ya kuziosha.

Visivyoingia kwenye ulinganisho

Sabuni ya vyombo na ya unga haifai. Ganda la tunda na jani vina matundu madogo, sabuni huingia humo na wewe unaila. Zaidi ya hayo, watafiti walewale wa Connecticut walipoipima sabuni ya vyombo, pamoja na sabuni maalumu zinazouzwa kwa kuoshea matunda, hawakuona zikiyashinda maji matupu. Klorini ya kutibu maji na panganeti ni za vijidudu. Wakati wa kipindupindu tumia dawa ya maji kama maofisa wa afya wanavyoelekeza, lakini usiihesabu kuwa imeosha viuatilifu.

Sasa, kwa hali yako

*Wageni wako mlangoni na kachumbari haijakatwa.* Maji yanayotiririka, nusu dakika kwa kila nyanya, kishimo cha kikonyo kisuguliwe. Tango limenywe. Kitunguu kinavuliwa maganda ya nje kama kawaida.

*Una robo saa na kachumbari ileile.* Baking soda kwa nyanya na hoho, vijiko viwili vya chai kwa lita, kisha suuza. Nyumba ambayo kachumbari haikosi, ningejizoesha hivi.

*Una ndoo moja ya maji mpaka kesho.* Futa kwanza kwa kitambaa safi kikavu, utando mwingi utaondoka hapo. Kisha osha kwa lita mbili tatu kwenye chujio, ukianza na matunda yanayoliwa mabichi na kumalizia na ya kupika. Chumvi na siki ziache, kwa kuwa zote zinadai maji ya kusuuza ambayo huna. Na chagua mboga za kumenya siku hizo.

*Una mjamzito ndani, au mtoto wa miezi sita anayeanza kula.* Unganisha njia: osha, menya kinachomenyeka, chemsha. Karoti na viazi vya mtoto vioshwe kwa brashi, vimenywe, vichemshwe na maji yamwagwe. Kwa mtoto huyu ningeacha nyanya mbichi kabisa isipokuwa iliyovuliwa ganda.

*Wewe ni mama ntilie, unapika sado nne za nyanya kila alfajiri.* Hutaweza kusugua moja moja kwa nusu dakika, na hakuna haki kukudai hivyo. Chukua mabeseni mawili. La kwanza, zisugue nyanya kwa mikono miwili zikigongana ndani ya maji, umwage maji yanapokuwa kama chai ya maziwa, urudie. La pili ni la kusuuza kwa maji safi ya kumwagia. Rojo halimwagwi maji, kwa hiyo hapa ndipo kuosha kunapolipa zaidi.

*Mboga yako ni kabichi au koliflawa.* Toa majani ya nje, pasua, loweka kwenye chumvi kwa robo saa, suuza.

*Ni matufaha na zabibu za dukani.* Zabibu zitenganishwe vishada vidogo, baking soda robo saa, maji. Tufaha linalong'aa sana, limenywe.

*Unanunua kwa mkulima unayemjua.* Basi una kitu ambacho sisi wa gengeni hatuna. Muulize swali moja, kwa heshima, kabla hajachuma: dawa ya mwisho umepiga lini, na lebo inasema tusubiri siku ngapi? Wengi watakujibu bila kinyongo. Baba alikuwa akifunga kitambaa chekundu kwenye kijiti cha mwanzo wa kila mstari aliopiga dawa, na hesabu ya siku akaiandika kwa mkaa kwenye mlango wa stoo. Mama angeweza kukosa nyanya ya mchuzi huku shamba limeiva mbele yake, akaenda kuazima kwa jirani, mpaka baba akifungue kitambaa chake mwenyewe.